Kisumu hadi Minneapolis: upitie Amsterdam, New York au Doha?

Ukiandika "Kisumu hadi Minneapolis" kwenye kikokotoo chochote cha umbali mtandaoni, kitakujibu kuwa ni takriban kilomita 12,890, na kwa kawaida kitaongeza kwamba ndege hutumia saa kumi na tano au kumi na sita. Namba ya kwanza ni kweli. Ya pili ni ndoto, maana hakuna ndege inayoruka kutoka Kisumu ikatua Minnesota, jimbo la Marekani lenye mji wa Minneapolis. Kikokotoo kimepima mstari mnyoofu juu ya tufe, kikaugawanya kwa mwendo wa ndege, kikaishia hapo. Hakijui kwamba mama anayetoka Kisii kwenda kumwona mjukuu wake Brooklyn Park, pembeni mwa Minneapolis, ataanza na matatu ya Kisumu, kisha atarushwa kilomita 280 kuelekea Nairobi, yaani kusini-mashariki, upande ambao si wa Marekani kabisa, ndipo safari yenyewe ianze.

Huku kwetu wenye watoto Minnesota ni wengi, hasa familia za Gusii, na swali wanalomuuliza ajenti wa tiketi huwa moja: njia gani ni fupi? Nitazilinganisha tatu ambazo mtu hukutana nazo mara nyingi akitafuta nauli: ya Amsterdam, ya New York kwa ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways, na ya Doha inayoendelea hadi Chicago. Msimamo wangu nautanguliza. Kwa safari hii urefu wa njia ni jambo la nne au la tano. La kwanza ni hili: ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikakuacha, utakuwa umekaa wapi, na nani atawajibika kukusogeza mbele?

Kilomita zinasemaje

| Njia, kuanzia Nairobi | Umbali (km, takriban) | Muda hewani | Uhamiaji wa Marekani hufanyika |
|---|---|---|---|
| Amsterdam | 6,680 + 6,690 = 13,370 | saa 17 na nusu hivi | Minneapolis |
| New York | 11,840 + 1,660 = 13,500 | saa 18 na kidogo | New York |
| Doha na Chicago | 3,350 + 11,460 + 540 = 15,350 | saa 21 na kidogo | Chicago |

Ongeza dakika hamsini hivi za Kisumu hadi Nairobi kwenye kila mstari.

Mstari mnyoofu kutoka Nairobi hadi Minneapolis ni kama kilomita 13,150. Kwa hiyo Amsterdam, ambayo kwenye ramani ya ukutani inaonekana kama mzunguko mkubwa wa kupanda kaskazini, inakuongezea kilomita 220 tu. Tena iko katikati ya njia: nusu ya kwanza na nusu ya pili zinalingana kwa tofauti ndogo mno. New York inakuongezea kama 350. Kati ya hizo mbili basi, tofauti ni kilomita 130, na kwa ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa hiyo haifiki hata dakika kumi. Anayekuambia njia moja ni "fupi sana" kuliko nyingine hajafungua tufe.

Ukivuta uzi juu ya tufe kutoka Nairobi hadi New York, unapita karibu na Nakuru, unakatiza kati ya Eldoret na Kakamega, halafu unatoka nchini karibu na Bungoma. Rubani hafuati uzi huo hatua kwa hatua, kwa kuwa anga ina njia zake na mambo ya hali ya hewa. Hata hivyo inachekesha kidogo kwamba mtu wa Webuye hupanda ndege Kisumu akapelekwa Nairobi ili usiku arudishwe juu ya paa la nyumba yake.

Doha ni habari nyingine. Kilomita 3,350 za kwanza unakwenda kaskazini-mashariki, ilhali unakotaka kufika ni kaskazini-magharibi. Zile kilomita elfu mbili za ziada ndizo gharama ya kona hiyo, na ni zaidi ya saa mbili na nusu angani kabla hujahesabu kusubiri.

Muda hewani wenyewe haugawanyiki sawasawa na kilomita. Safari ya Nairobi hadi New York ilipozinduliwa tarehe 28 Oktoba 2018, kwa Boeing 787-8, ilitangazwa kuwa ya saa 15 kwenda na 14 kurudi. Saa moja nzima inaliwa na upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki juu ya Atlantiki ya kaskazini: ukienda unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma mgongoni. Upande wa Ulaya nako, ndege nyingi za abiria zimekuwa zikiizunguka anga ya Sudan tangu vita vilipozuka huko Aprili 2023, kwa hiyo dakika kadhaa huongezeka ambazo kikokotoo hakizioni.

Saa ya ukutani

Muda hewani ni sehemu tu. Chukua mfano wa Jumatatu ya Julai, Minneapolis ikiwa nyuma ya Kisumu kwa saa nane.

Kwa Amsterdam, unaondoka Kisumu saa kumi alasiri. KLM, shirika la Uholanzi, kwa kawaida huruka Nairobi karibu na saa sita usiku. Unatua Amsterdam Jumanne asubuhi mapema, unasubiri saa nne, au saa saba ikiwa ratiba si nzuri, kisha unaruka karibu saa tisa hadi Minneapolis. Unafika mchana au alasiri ya Jumanne hiyo hiyo, wakati Kisumu watu wanajiandaa kulala. Jumla, kati ya saa 29 na 32.

Kwa New York, unaondoka Kisumu alasiri hiyo hiyo, unaruka Nairobi usiku, na baada ya saa 15 unatua asubuhi. Kuna uhamiaji, masanduku na foleni ya usalama, kisha ndege ya ndani ya saa tatu na dakika kadhaa. Ukipata ndege ya kama saa sita mchana, utakuwa Minneapolis saa nane na kitu. Jumla ni kama saa 30. Yaani zinafungana. Ila hiyo 30 ya New York inategemea mambo yakae sawa, kwa sababu nitakazozieleza.

Kwa Doha na Chicago, mara nyingi unafika Doha usiku na ndege ya Chicago inaondoka asubuhi. Weka saa 36 hadi 40. Wapo wanaoichagua kwa sababu ya nauli, na nauli ni sababu ya haki kabisa. Jambo moja zuri la Doha ni kwamba saa yake ni ile ile ya Kenya, kwa hiyo hadi hapo mwili haujachanganyikiwa. Mengine yote yanakuja kwa pamoja Chicago.

Kuhusu saa, tahadhari moja ambayo imewakosesha watu ndege. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na siku mpya huanza saa sita usiku, si alfajiri. Tiketi ikisema Jumanne 00:10, unatakiwa uwe uwanjani Jumatatu jioni. Ukifika Jumanne usiku, ndege yako ilishaondoka karibu siku nzima iliyopita. Kwa mzazi aliyezoea kuhesabu saa kuanzia macheo, mwandikie kwenye karatasi: "Jumatatu usiku, saa sita na dakika kumi", ukiongeza na saa ya kutoka nyumbani.

Sanduku na afisa wa uhamiaji

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana kwelikweli.

Sheria ya Marekani ni kwamba uhamiaji na forodha hufanyika kwenye uwanja wa kwanza unaotua ndani ya nchi hiyo. Hapo unachukua masanduku yako mwenyewe kwenye ukanda, hata kama Kisumu yalibandikwa lebo ya Minneapolis, unapita nayo forodha, unayarudisha kwa shirika la ndege, kisha unakaguliwa tena usalama kama abiria mpya wa ndani ya nchi.

Ukipitia Amsterdam, uwanja huo wa kwanza ndio wa mwisho. Mama akimaliza na afisa, anachukua sanduku, anasukuma mlango, mwanawe yuko pale. Afisa akitaka kuuliza zaidi, hakuna ndege inayomsubiri nje. Hana haraka. Na foleni ikiwa ndefu, hasara yake ni mwanawe kulipia maegesho kidogo zaidi.

Ukipitia New York, mambo hayo yote yanafanyika JFK, uwanja wenye majengo mengi yaliyotengana, huku saa ya ndege ya ndani ikikimbia. Afueni ni kwamba Kenya Airways na shirika la Marekani la Delta kwa kawaida hutumia jengo moja, la nne, kwa hiyo hulazimiki kupanda treni ya uwanjani ikiwa kipande cha pili ni cha Delta. Ukichukua shirika jingine kwa kuwa ni rahisi, hakikisha jengo. Mimi nisingekubali chini ya saa tatu na nusu kati ya kutua JFK na kuruka tena, na kwa mzazi anayesafiri mara ya kwanza ningetaka nne.

Chicago ni hali ile ile ya New York, ila unaifikia ukiwa umechoka zaidi, baada ya saa kumi na nne na nusu za kukaa kitini kutoka Doha. Faida yake ni kwamba Minneapolis iko karibu. Ikibidi kabisa, kilomita 650 hivi za barabara ni umbali ambao mtoto aliyeko kule anaweza kuendesha gari na kukufuata. Nimesikia wanaofanya hivyo makusudi na kuacha kipande cha mwisho cha ndege. Kwenda ukiacha kipande cha mwisho unaweza, lakini kama ni tiketi ya kwenda na kurudi, shirika lina haki ya kufuta vipande vilivyobaki baada ya kile ulichokiruka. Ulizeni kwanza.

Sanduku lenyewe nalo lina maneno yake. Omena na samaki wakavu kwa matumizi ya nyumbani kwa kawaida hupita, mradi umewataja kwenye forodha. Nyama, hata iliyokaushwa, iache. Mursik, yale maziwa ya kibuyuni, pia iache, haijalishi mtoto amelia vipi kwenye simu. Matunda mabichi, mbegu za kupanda na miche vitakuletea matatizo. Kanuni ni kutaja kila chakula ulichobeba: kilichotajwa na kukataliwa hutupwa tu, kisichotajwa na kupatikana hutozwa faini. Nayasema haya kwenye ulinganisho wa njia kwa sababu ukaguzi wa sanduku la vyakula unaweza kuchukua nusu saa nzima, na nusu saa Minneapolis si nusu saa ya JFK.

Miguu na umri

Kijana wa miaka ishirini na mitano anayekwenda chuo hana tatizo na saa 15 mfululizo. Analala, anaamka, anafika. Kwake New York ina uzuri wa wazi: hakuna kushuka usiku wa manane, na chakula na wahudumu wa ndege ni wa nyumbani. Akitua anaweza pia kupumzika kwa ndugu ikiwa anao New Jersey au Boston, halafu aendelee.

Mzee mwenye shinikizo la damu au miguu inayovimba ni tofauti. Kwake kugawanya safari katika vipande viwili vya saa nane na nusu na saa tisa ni dawa, maana katikati anatembea, ananyoosha mgongo, anakula akiwa amekaa mezani. Ndiyo maana ule ulinganifu wa Amsterdam nimeutaja mapema. Doha inagawanya vibaya: saa tano, halafu kumi na nne na nusu. Unapata kero ya kuunganisha ndege bila kupunguziwa sana ule urefu unaochosha miguu. Kwa yeyote mwenye historia ya damu kuganda, daktari aulizwe kabla ya kulipa nauli.

Na tafadhali ombeni kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, hata kama mama anatembea vizuri kabisa. Ni huduma isiyolipiwa, na faida yake kubwa si magurudumu. Ni mtu. Kuna mfanyakazi atakayempokea mlangoni mwa ndege, amfikishe geti la pili, asimame naye kwenye foleni. Schiphol, uwanja wa Amsterdam, ni jengo moja kubwa lenye matembezi marefu na vibao ambavyo mzee asiyesoma Kiingereza hatavifuata. Wazazi wengine hukataa wakidhani wanaitwa wagonjwa. Mweleze kwamba ni kama kusindikizwa.

Tiketi moja au mbili

Hili ndilo linalotenganisha safari salama na safari ya maombi, na linagusa njia zote tatu.

Tiketi moja, yenye namba moja ya kuhifadhi nafasi, kuanzia Kisumu hadi Minneapolis, inamaanisha kuwa kipande kimoja kikichelewa ukakosa kinachofuata, kukutafutia ndege nyingine ni jukumu la shirika. Tiketi mbili zilizonunuliwa kando kwa kuwa jumla yake ni nafuu zinamaanisha kwamba shirika la pili halina habari nawe. Kwake wewe ni abiria aliyechelewa.

Kwa Amsterdam kuna kikwazo cha ziada. Mwenye tiketi moja hukaa eneo la kimataifa la uwanja, na mwenye viza halali ya Marekani hahitaji viza nyingine ya kupita hapo. Mwenye tiketi mbili zisizounganishwa anaweza kulazimika kutoka nje kuchukua sanduku na kuingia upya kaunta, na kutoka nje ni kuingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja, jambo ambalo Mkenya hafanyi bila viza. Watu wamekwama hapo.

Amsterdam ina pia kinga ambayo njia nyingine hazina. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamlinda abiria anayeondoka kwenye uwanja ulio ndani ya Umoja huo, na pia anayekwenda huko kwa shirika la Ulaya. Kwa safari ndefu kama hii, ucheleweshaji mkubwa ambao ni kosa la shirika unaweza kukupa fidia ya hadi yuro 600, na hata pale ambapo fidia haipo, kama vile kwenye dhoruba, bado chakula na malazi ni juu yao. Angalia jina la shirika linalorusha ndege yenyewe, si lililoandikwa juu ya tiketi. Nairobi hadi Amsterdam kwa ndege ya shirika la Ulaya inaingia kwenye kinga hiyo; kwa shirika la Kenya haiingii.

Doha nayo ina sifa ya uwanja mpya kiasi, Hamad, uliofunguliwa 2014, wote chini ya paa moja. Wasiwasi wangu uko angani. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa, na abiria waliokuwa njiani wakageuzwa au kukwama. Si jambo la kila mwezi. Lakini ukiniuliza ningependa mama akwame wapi siku mambo yakiharibika, Amsterdam ingetangulia, New York ikafuata kwa sababu huko angalau ameshaingia nchi anayokwenda na simu ya mwanawe inampata, na Doha ingekuja mwisho.

Kipande cha Kisumu

Njia yoyote utakayochagua, kipande kinachoharibu safari mara nyingi ni kile kifupi kuliko vyote.

Kwanza, uwanja. Baadhi ya ndege za Kisumu hutua Wilson, si JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi zinakoondokea ndege za ng'ambo. Kwenye tiketi Wilson huandikwa WIL na JKIA huandikwa NBO. Nauli ya WIL ikikuvutia, kumbuka utavuka Nairobi kwa teksi na masanduku mawili. Pili, uzito. Kama tiketi yako ya Marekani inaruhusu masanduku mawili ya kilo 23, tiketi ya Kisumu iliyonunuliwa kando huenda inaruhusu begi la mkononi tu, na utalipia kilo zote kaunta. Tatu, mvua. Kuanzia Machi hadi Mei ngurumo za ziwani hupenda kuja alasiri na jioni, kwa hiyo usipande ndege ya mwisho ya siku. Ya mchana ikichelewa, bado kuna nyingine nyuma yake.

Anayetoka Kisii ana hesabu yake: kama kilomita 115 hadi Kisumu na kisha ndege, au takriban 310 za barabara kupitia Narok moja kwa moja hadi Nairobi. Kwa masanduku mazito na tiketi zilizotengana, Narok mara nyingi hushinda, mradi uondoke asubuhi. Mtu wa Nakuru hana la kuchagua: hakuna ndege ya abiria ya kumpeleka JKIA, ni kilomita 160 hivi za barabara. Akishuka Limuru na kupita Waiyaki Way, barabara ya juu iliyofunguliwa 2022 inamvusha jiji kutoka Westlands hadi karibu na uwanja. Msongamano wake mkubwa uko kabla ya hapo, kwenye malori ya kuanzia Naivasha.

Na wale wa Busia na Malaba wasiisahau Entebbe. Kutoka Busia hadi Kampala ni kama kilomita 200, Mkenya anavuka hata kwa kitambulisho ingawa kwa safari hii pasipoti iko mfukoni tayari, na KLM na Brussels Airlines huruka kutoka huko hadi Ulaya. Linganisha nauli za Entebbe na Nairobi kabla ya kuamua. Kinachopunguza utamu ni foleni ya kuingia Kampala kwa barabara ya Jinja, ambayo haina ratiba.

Kurudi si kinyume cha kwenda

Njia bora ya kwenda inaweza isiwe bora ya kurudi. Ukirudi hakuna afisa wa uhamiaji wa kumhofia, kwa hiyo faida kuu ya Amsterdam inapotea. Ndege ya KLM inayotoka Amsterdam mchana kwa kawaida hufika Nairobi usiku, wakati ndege za Kisumu zimeshalala. Ile ya Kenya Airways kutoka New York huondoka huko mchana na kufika Nairobi kesho yake asubuhi, upepo ukiwa mgongoni, na jioni hiyo unaweza kuwa Kondele, Kisumu, unakula samaki. Angalia tu siku, maana ndege hiyo si lazima iwepo kila siku, na idadi ya safari kwa wiki hubadilika kwa msimu.

Kama tiketi inaruhusu, kwenda kwa Amsterdam na kurudi kwa New York ndiyo ningemkatia mama yangu, na si lazima iwe ghali: mashirika ya kundi moja la SkyTeam, ambamo Kenya Airways, KLM na Delta wamo, yanaweza kuandikwa kwenye tiketi moja. Mwambie ajenti atafute hivyo, kwa sababu kompyuta ya kutafutia nauli ikiachwa yenyewe hurudisha njia ile ile ya kwenda. Akisema haiwezekani, mwombe bei ya Amsterdam kwenda na kurudi ikiwa na usiku mmoja wa kulala Nairobi ndani ya hesabu. Basi la usiku la Kisumu lipo, lakini mtu aliyetoka Minneapolis jana yake na masanduku mawili asipandishwe basi la usiku.